Reivu sebuleni kwa shangazi

Diski ilifika Tanga imeviringishwa ndani ya sweta. Ilikuwa Desemba 2004. Binamu yangu, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Oakland, ng'ambo ya ghuba ukitokea San Francisco, alimtumia mama yake boksi: jozi mbili za viatu, manukato, mafuta ya miguu, na hilo sweta ambalo sijui alimnunulia nani, maana Desemba Tanga hata shuka ni mzigo. Ndani ya sweta, DVD moja. Groove. Juu yake kabandika kikaratasi: "Mama, ukitaka kujua huku tunaishi vipi, tazama hii."

Mama yake ni shangazi yangu. Alikuwa na miaka saba hajamtia machoni mwanawe. Filamu nyingi nimezisubiri kwa hamu, ila sijapata kuona mtu akiisubiri filamu kama yeye alivyoisubiri hiyo. Aliosha vyombo mapema, akaswali isha, akajifunga kanga safi, akakaa mbele ya televisheni kama anayengoja mgeni. Nadhani kwake ile haikuwa filamu, ilikuwa barua.

Haikucheza.

Deki yetu ilikuwa ya Kichina, ya bei poa, na iliitema ile diski mara tatu ikidai kanda si yake. Usiku ule ndipo nilipojua kwamba tulipodhani tumeachana na kanda tukahamia kwenye diski, kumbe diski nazo zina kanda. Wenye filamu waliigawa dunia vipande: Marekani na Kanada kanda ya 1, Ulaya Magharibi na Japani kanda ya 2, na sisi wa Afrika, ukiwatoa Afrika Kusini, Misri na wengine wachache, tukawekwa kanda ya 5 pamoja na Urusi na India. Shabaha ilikuwa kila soko lipate filamu kwa wakati wake na kwa bei yake, ili diski ya New York isiwahi kufika mahali ambako filamu bado iko kwenye majumba ya sinema. Lakini Groove isingeonyeshwa Tanga hata tungekaa tukiisubiri hadi leo. Walikuwa wanaikinga na nani?

Kesho yake nikaibeba deki kwa fundi redio wa Barabara ya 8. Hakuifungua hata skrubu. Aliitoa sahani ya diski, akabonyeza tarakimu kadhaa kwenye rimoti, ikatokea orodha ya kanda, akachagua 0. "Sasa inakula kila kitu," akasema, akapokea shilingi 2,000 zake.

Usiku wa pili, basi, tukaitazama. Niliketi pembeni ya shangazi kazi yangu ikiwa moja, kutafsiri. Na kwa kuwa nimeombwa mara kadhaa na marafiki nieleze ni filamu ipi iliyowahi kunivunja moyo kuliko zote, leo naeleza. Ni hiyo. Siyo kwamba ni mbaya kupindukia. Filamu mbaya kupindukia huwa na raha zake. Hii ilivunja moyo kwa sababu mara mbili tatu inakaribia kabisa kuwa kitu, kisha mtu anafungua mdomo.

Nianze na reivu yenyewe, kwa asiyeijua. Ni mkesha wa kucheza muziki wa mashine, mara nyingi kwenye ghala tupu, shambani au ufukweni, DJ akiunganisha santuri moja na nyingine bila kuacha mwanya mpaka jua linachomoza. Muziki wenyewe ulizaliwa na watu weusi wa Marekani, jambo ambalo filamu za reivu huwa na haraka ya kulisahau. Chicago kulikuwa na klabu iitwayo Warehouse, ilifunguliwa 1977, DJ wake akiwa Frankie Knuckles, na wachezaji wake wengi walikuwa vijana weusi na Walatino, mashoga wengi wao, waliokuwa hawana pengine pa kuchezea. Jina la muziki wa house limetokana na klabu hiyo. Detroit, vijana watatu waliosoma pamoja kitongoji cha Belleville, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, wakatengeneza tekno. Mwaka 1987 ma-DJ wachache wa London wakaenda likizo kisiwani Ibiza, wakarudi na hiyo homa, na kufikia 1988 Uingereza nzima ilikuwa imeshaambukizwa. Watu wakawa wanazunguka na magari barabara ya M25, inayoizunguka London, usiku, wakipiga simu namba fulani wapate kuelekezwa ghala liko wapi. Mei 1992, kwenye uwanda wa Castlemorton, walikusanyika makumi ya maelfu, wakapiga muziki karibu wiki nzima, na serikali ikaona inatosha. Sheria ya 1994 ikawapa polisi nguvu ya kuvunja mikusanyiko hiyo, na ikaingiza katika maana ya muziki sauti ambazo zote au kwa sehemu kubwa ni mapigo yanayojirudia mfululizo. Ukiisoma ile sheria hivyo ilivyo, hakuna ngoma ya Tanga ingesalimika.

San Francisco walipata yao kwa mgongo wa Waingereza hao hao. Kikundi cha ma-DJ waliohamia pale, Wicked, kilianza mwaka 1991 kupeleka spika ufukweni usiku wa mbalamwezi. Miaka minane baadaye mkazi wa pale pale aitwaye Greg Harrison akaandika, akaongoza na kuhariri filamu yake ya kwanza ndefu kuhusu usiku mmoja wa reivu ndani ya ghala. Ikaonyeshwa tamasha la Sundance Januari 2000, ikanunuliwa na Sony Pictures Classics, ikaingia sinema za Marekani Juni mwaka huo, ikaingiza dola milioni moja na ushei, ikatoka kwenye majumba kimyakimya. Kisha ikawa diski.

Hadithi yake ni hii. Jamaa mmoja, Ernie, na wenzake wanapata ghala lililoachwa, wanakagua kama umeme upo, wanatuma mwaliko kwa barua pepe. Watu wanapiga simu, wanaelekezwa kwanza mahali pa kuchukulia ramani, kutoka hapo ndiyo wanalijua ghala. Miongoni mwa wanaokuja ni David, mwandishi wa vitabu vya maelekezo ya kompyuta, mpole, hajawahi kufika sehemu kama hiyo. Analetwa na mdogo wake Colin, ambaye usiku huo huo amepanga kumposa mpenzi wake Harmony. David anameza ekstasi, dawa ya kulevya, kwa mara ya kwanza, anakutana na Leyla, mwanamke wa New York ambaye reivu kwake si jambo jipya, na wanazungumza. Ooh, wanazungumza.

"Sinema inaanza saa ngapi?" shangazi akauliza. Ilikuwa imeshakwenda nusu saa.

Hapo ndipo kosa lilipo na sina namna ya kulipamba. David amewekwa mle ili awe mgeni. Kila asichokijua yeye, sisi tunaelezwa kupitia kwake: dawa hufanya hivi, kunywa maji, DJ hufanya vile, hapa watu hupendana. Ni ile mbinu ya mwandishi kumwingiza mtu asiyejua njia ili mwenyeji amwonyeshe vyumba vyote. Mle ndani kunakuwa na watu mia kadhaa wanaocheza, na kamera, badala ya kucheza nao, inamfuata jamaa anayeelezwa maana ya kucheza. Kila mtu akitaka kusema, muziki unashushwa. Na kila mtu anataka kusema. Wimbo ambao ungehitaji dakika nane kujenga kitu unapewa dakika moja, kisha unageuzwa kuwa kelele za nyuma ya mazungumzo ya mapenzi. Na kazi nzima ya DJ wa aina hii iko kwenye ule muda mrefu, pale santuri ya pili inapoingia chini ya ya kwanza na wewe hujui sasa unacheza ipi. Ukishaukata huo huna reivu tena, una orodha ya nyimbo.

Shangazi hakuwa na maneno ya uhakiki wa filamu, ila alimchoka David kabla yangu. "Huyu mgeni maswali yake mengi," akasema. "Mgeni wa shughuli hukaa akapewa sahani."

Walipofika kwenye vidonge nikaogopa. Akauliza wanapeana nini. Nikasema Panadol. "Panadol gani ya kupeana kwa kificho?" Sikujibu, naye hakunisukuma, lakini nilimwona anaitazama skrini tofauti kuanzia pale. Alikuwa anatafuta nyuso. Kila kamera ilipopita juu ya watu alikuwa anasogea mbele kidogo, na mimi nikaelewa kwamba anamtafuta binamu yangu mle, kwenye ghala la filamu iliyopigwa miaka mitano nyuma, katika umati wa Wazungu waliovaa suruali pana. Kuna wakati aliuliza bahari iko wapi, maana mwanawe alimwambia kwamba huko kuna bahari kama ya Tanga, ila ya baridi. Filamu karibu yote imo ndani. Nikamwambia bahari iko nyuma ya ukuta. Labda ni kweli.

Colin alipoonekana akimbusu mwanamume mwenzake, na Harmony akawaona, mkono wangu ulifika kwenye rimoti umechelewa. Shangazi akasonya taratibu: "Na huyu alikuwa anaposa usiku huu huu." Kilichomsikitisha ilikuwa posa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemwamsha. Ernie alipoanza kukimbia huku na huku, mara nyaya, mara mlango, mara simu, shangazi akanigusa goti.

"Huyu ndiye mwenye shughuli."

Nikasema ndiyo.

"Muone macho yake. Hajala tangu jana."

Inabidi niseme kwamba shangazi alipika shughuli za Tanga nzima kwa miaka mingi. Harusi, hitima, unyago, akiitwa alikwenda na masufuria yake. Hajawahi kukaa mbele ya shughuli yoyote. Anazijua kutokea nyuma, kwenye moshi. Kwa hiyo sehemu ambazo mimi niliziona za kuchosha, jamaa wanabeba maspika, wanahesabu watu, wanabishana juu ya mlango upi ufungwe, yeye alizifuata kama mechi. Polisi alipofika (ni Nick Offerman, kabla hajawa maarufu kwa jambo lolote), shangazi akasema kabla ya mtu yeyote kutamka neno: "Hana kibali." Ernie anamwongopea yule sajini kwamba hapo ni kampuni mpya ya intaneti inaanza. Kwenye filamu huo ndio utani mzuri kuliko wote, na wakati nao uliongeza chumvi: Sundance ilikuwa Januari, soko la hisa la NASDAQ likafika kilele chake tarehe 10 Machi 2000 kisha likaanza kuporomoka, na filamu ikaingia majumba ya sinema Juni. Uongo wa Ernie ulikuwa wa kuaminika wakati wa kupiga picha. Ulipowafikia wanunuzi wa tiketi, kampuni za aina hiyo zenyewe zilikuwa zinaanza kufungwa.

Pia wapo wapenzi wawili wanaosherehekea mwaka mmoja wa kuwa pamoja, wanaolitafuta ghala usiku kucha wasilipate. Kila waliporudi kwenye skrini shangazi aliuliza, "Hao bado hawajafika?" Nafikiri hao ndio aliowahurumia kwa dhati. Mpishi anajua sahani isiyo na mtu inavyouma.

Na kisha kile kipande ambacho hata wanaoichukia filamu hukikumbuka. Ernie anaulizwa kwa nini anajisumbua, pesa hapati, na kufungwa anaweza kufungwa. Anajibu kwamba ni kwa sababu ya kile kitendo cha mtu kuja kumwitikia kwa kichwa. Kila mkesha, angalau mtu mmoja humjia na kumwambia asante, nilikuwa nalihitaji hili. Humtikisia kichwa, naye humtikisia. Basi.

Nilitafsiri neno kwa neno. Shangazi akanyamaza, kisha akasema, "Kweli. Mmoja tu anatosha," na akaendelea kutazama.

Dakika chache mbele diski ikakwama. Picha ikagawanyika vijiraba, sauti ikawa inarudia silabi moja, ambayo kwa filamu hii si rahisi kujua mara moja kama ni kasoro. Mkwaruzo, pengine wa zipu ya lile sweta. Shangazi akaenda kulala bila kuiona asubuhi ya ghala.

Mimi nikaimaliza kesho yake. Diski niliipaka dawa ya meno, nikaisugua kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, nikaisuuza, ikakubali. Na safari hii, kwa kuwa nyumba ilikuwa tupu, nilichomoa waya za sauti kwenye televisheni nikazipeleka kwenye redio ya zamani ya marehemu mjomba, ile yenye spika za mbao zinazofika magotini. Nikarudi mwanzo.

Ilikuwa filamu nyingine. Sisemi ilikuwa nzuri. Lakini jana yake tulikuwa tumeitazama filamu ya reivu bila besi, na hilo ni kama kumpelekea mtu picha ya pilau. Pigo la ngoma kuu katika muziki huu hukaa chini sana, karibu mitetemo 50 kwa sekunde, na wimbi la sauti ya namna hiyo lina urefu wa mita 7 hivi. Sebule ya shangazi haifiki mita 7 hata ukibomoa ukuta wa jikoni. Kispika cha televisheni kinachotosha kiganjani hakiwezi kuisukuma hewa kiasi hicho. Kinakuletea ncha ya juu ya kila pigo, tiki, tiki, tiki, na kinachobaki kusikika vizuri ni sauti za watu. Yaani kinakuletea mazungumzo. Toleo la nyumbani lilikuwa limetuondolea kilicho bora mle na kutuachia kilicho dhaifu, na kila mtu aliyeinunua ile diski duniani, isipokuwa wachache wenye vyombo, aliitazama hivyo hivyo. Watu walionunua tiketi Juni 2000 angalau walitetemeshwa viti.

Kwa upande mwingine, diski ina kitu ambacho sinema haina: sura, kama za kitabu, vipande unavyoweza kuvirukia. Nikagundua naweza kubonyeza nikamruka David. Nikamruka Leyla, nikaiacha posa ya Colin njiani. Nilikuwa na ghala likifunguliwa, spika zikiingia, polisi, maneno ya Ernie, kisha nikaruka moja kwa moja hadi mwisho, John Digweed mwenyewe, DJ wa kweli kutoka Uingereza, anapopanda na kuweka Heaven Scent, wimbo alioutunga na Nick Muir kwa jina la Bedrock mwaka 1999. Pale, kwa mara ya kwanza, filamu inanyamaza. Kamera inatulia juu ya watu waliochoka wanaokataa kwenda nyumbani, wimbo unaachwa upae, na hakuna anayetuambia tuone nini. Niliirudia mara nne. Ukiihesabu hivyo, kwa kuchagua na kuruka, Groove ni filamu ya dakika 25 na ni nzuri sana. Ziada za diski sikuziwahi siku ile. Nilikuja kuzifungua baadaye: sauti ya mwongozaji na wenzake wakieleza tukio kwa tukio, na vipande vilivyokatwa. Filamu inayoeleza kila kitu, ikaongezewa maelezo.

Miaka ilipita nikaja kusoma Bristol, na nikaingia mara yangu ya kwanza kwenye pango la matofali chini ya reli, saa nane za usiku, peke yangu kwa sababu wenzangu walilala. Hakuna aliyenieleza chochote. Spika zilikuwa zimepandana ukutani kunizidi urefu, na besi ilipoingia niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Vifungo vya shati vilikuwa vinatetemeka. Baada ya saa moja sikuwa nafikiri, na hapo ndipo nilipoikasirikia Groove upya. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kiasi hicho. Lilihitaji muda, giza, na mtu asiyeniuliza ninajisikiaje.

Wapo watakaosema hakuna filamu inayoweza hilo. Sikubali. Human Traffic ya Justin Kerrigan, ya 1999, imepigwa Cardiff, nayo imejaa maneno hadi pomoni, lakini haimleti mgeni. Vijana watano, baadhi yao wenye kazi za kuchosha, wanaisubiri Ijumaa, wanaisherehekea, wanaijutia Jumapili. Wanaongea wao kwa wao, na wakigeuka kuongea na sisi wanaongea kama sisi nasi tulikuwepo. Inajua kwamba reivu inaanza Jumatatu asubuhi, kwenye kaunta ya kazi usiyoipenda. Na ukitaka kuona toleo la nyumbani linavyoweza kuiumiza filamu kwa kukusudia, tazama yaliyoikuta hiyo: mwaka 2002 mtayarishaji wake, Allan Niblo, aliitoa upya kwenye diski kwa jina la Human Traffic Remixed bila Kerrigan kuhusika, imeguswaguswa. Mtu anaweza kununua filamu anayoipenda akapeleka nyumbani nyingine. Haki za muziki nazo zina mchezo huo huo. Zamani ruhusa ya kutumia wimbo kwenye sinema na ya kuutumia kwenye kanda au diski zilikuwa zinanunuliwa mbalimbali, kwa hiyo vipindi na filamu nyingi zilitoka kwa matumizi ya nyumbani zikiwa na nyimbo za kubandika. Kwenye filamu ya mapigano huenda usigundue. Kwenye filamu ya muziki ni kama kubadilisha mhusika mkuu.

Kwa Marekani, Groove imebaki na thamani moja ambayo haikuikusudia: ni picha ya mwisho mwisho. Mwaka 2002 seneta Joe Biden alipeleka muswada ulioitwa kwa jina la reivu kabisa, na 2003 ukapita ukiwa umebadilishwa jina, ukawabana wenye majengo na waandaaji pale dawa za kulevya zinapotumika kwenye sherehe zao. Baada ya hapo kuazimwa ghala lisilo na maswali kukawa kugumu.

Huku kwetu bado hakuna aliyetengeneza filamu ya kigodoro, ule mkesha wetu wa muziki mtaani, walau sijaiona. Singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar, imeshavuka bahari. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Dar mwaka 2017, na Wazungu wakaanza kuulizana huo muziki unachezwa kwa kasi gani. Siku mtu atakapobeba kamera kwenda Manzese, namwomba jambo moja. Asimlete kijana wa Masaki, kavaa raba nyeupe, aje kuuliza kwa nini watu wanacheza.

Nimeiruka simu ya binamu, na simu hiyo ndiyo niliyotaka kuisimulia.

Binamu alipiga Jumapili iliyofuata, saa mbili usiku kwetu, asubuhi kwao. Shangazi aliweka sauti ya nje ili nami nisikie. Nilikuwa najiandaa. Nilijua kwamba zile Panadol hazikumpita, na kwamba mama wa Kitanga aliyeona alichokiona ana haki ya kusema hadi salio la mtu liishe. Binamu naye nadhani alikuwa ameshajua kosa lake, kwa sababu baada ya salamu aliuliza haraka haraka, kwa sauti ya kitoto, "Mama, uliiona?"

"Niliiona. Ilikwama mwishoni."

"Uliipenda?"

"Wanaongea sana," shangazi akasema. "Lakini yule mwenye shughuli nilimpenda."

Binamu akacheka, kicheko cha kupumua. Akaanza kueleza kwamba siyo zote ziko vile, kwamba yeye huenda mara moja moja, na kwamba kuna mambo mle ambayo ni ya sinema tu. Shangazi alimwacha amalize. Alikuwa anakunja ncha ya kanga, anakunja na kukunjua.

"Mwanangu, nikuulize. Watu wote wale, na zile chupa za maji, na giza lile. Asubuhi nani anafagia?"

Upande wa pili kukawa kimya, mpaka nikadhani laini imekatika.

"Mimi, mama," akasema. "Mimi na wenzangu wawili. Tunaanza saa kumi na mbili."

"Mnapewa chai?"